Kizuri chajiuza? Soko la bastola lina jibu lake

MTEJA akiwekewa bastola mbili juu ya kaunta, moja imesuguliwa mpaka anauona uso wake na nyingine nyeusi isiyong'aa kama sufuria ya kuni, mkono wake hukimbilia ile ya kwanza. Muuzaji analijua hilo, na bei ameshaipanga kwa kulijua.

Hata hivyo, soko la Marekani, ambalo ndilo kubwa kuliko yote duniani kwa silaha za raia, limetumia miaka arobaini kuonyesha kwamba kizuri hakijiuzi kila mara. Colt, kampuni iliyosifiwa kwa bastola zinazopendeza macho, imelazimika mara mbili, mwaka 1992 na mwaka 2015, kuomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Glock ya Austria, iliyoingia Marekani katikati ya miaka ya 1980 na bastola yenye mwili wa plastiki isiyo na urembo wowote, ilichukua sehemu kubwa ya soko la polisi.

Kwa mfanyabiashara anayemiliki bastola kwa leseni ili kulinda mauzo yake ya siku, na kwa mwekezaji mdogo anayepima hisa za viwanda hivi, swali ni moja: ile nyongeza ya bei inalipia nini?

NGOZI YA NJE

Chuma kitupu hushika kutu. Njia ya zamani ya kukikinga ni kukichemsha ndani ya dawa kali mpaka kipate rangi ya buluu iliyoiva. Rangi hiyo yenyewe ni aina ya kutu iliyodhibitiwa, tabaka jembamba ambalo kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Mafuta yakikauka, kinga imekwisha.

Uzuri wa buluu hiyo hautoki kwenye dawa. Unatoka kwenye usuguaji unaofanywa kabla ya chuma kuingia kwenye dawa, na usuguaji ni kazi ya fundi anayelipwa kwa saa. Colt Python, rivolva iliyotolewa mwaka 1955, ilipata jina kwa sababu ya kazi hiyo. Lakini gharama za mafundi zilipanda, na kufikia mwaka 2005 uzalishaji wake ulikuwa umekoma. Bei za Python za zamani zikapaa minadani, ila faida hiyo ilikwenda kwa waliozihifadhi; kiwanda hakikupata hata senti moja. Python iliporudi sokoni mwaka 2020, ilirudi ikiwa ya chuma kisichoshika kutu upesi, bila ile buluu iliyoipa sifa.

Chuma cha aina hiyo kiliingia katika rivolva tangu mwaka 1965, Smith & Wesson ilipotoa Model 60. Nikeli nayo hung'aa na hukinga, lakini ikibabuka sehemu moja, kutu hupita hapo na kusambaa chini yake. Fosfeti, ile rangi ya kijivu yenye mkwaruzo iliyotumika sana katika bastola za jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, haivutii macho ila ni rahisi kutengeneza na hushika mafuta vizuri.

Glock ilichukua njia nyingine. Chuma chake hupitishwa kwenye joto kali ili naitrojeni na kaboni viingie ndani ya chuma chenyewe na kukifanya kigumu. Weusi unaoonekana juu ukichubuka, ule ugumu na kinga yake hubaki palepale. Hakuna cha kusugua kwa mkono, na hapo ndipo gharama ilipokatwa.

Kwa mtu wa Tanga, Dar es Salaam au Mombasa, anayebeba bastola chini ya shati lenye jasho katika upepo wa chumvi, hesabu hii si ya urembo. Bastola ya buluu inataka kufutwa na kupakwa mafuta mara kwa mara, na isilazwe ndani ya mkoba wa ngozi, kwa kuwa ngozi hutunza unyevu. Asiye na muda huo ataulipia mng'ao mara mbili: siku ya kununua, na siku ya kumpelekea fundi chuma kilicholiwa.

VILENGEO

Sehemu ya pili inayopandisha bei ni vilengeo, yaani alama za mbele na nyuma ambazo mpigaji huzipanga jicho kwa jicho. Vya bei ndogo havisogei. Glock za kawaida hutoka kiwandani zikiwa na vya plastiki, na wanunuzi wengi huvibadilisha kwa vya chuma. Hiyo ni gharama ya pili ambayo haikuandikwa kwenye bei ya dukani.

Vilengeo vya kurekebishwa kwa skrubu vinamfaa mtu wa mashindano ya shabaha. Kwa bastola ya kubebwa kiunoni vinaweza kunasa kwenye nguo au kuhama vikigongwa.

Viko pia vilengeo vinavyong'aa gizani kwa nguvu ya tritiamu, gesi inayofungwa ndani ya vichupa vidogo. Hivi havihitaji betri, lakini vina umri. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na miezi michache. Vilengeo vya miaka 12 vina takriban nusu ya nguvu yao. Vya miaka 24 vimebaki na robo. Mnunuzi wa bastola iliyotumika anayetozwa zaidi kwa ajili ya vilengeo hivyo aombe kuviona mahali penye giza. Chini ya taa za dukani vyote hufanana.

Kipya zaidi ni kioo kidogo chenye nukta nyekundu kinachofungwa juu ya slaidi, ile sehemu ya bastola inayorudi nyuma kila risasi inapotoka. Glock ilianza mwaka 2015 kuuza bastola zilizochongwa tayari kupokea vioo hivyo. Kioo cha kutegemewa kinaweza kufikia au kuzidi nusu ya bei ya bastola yenyewe, na kinataka betri. Bastola isiyochongwa huongezewa gharama ya fundi. Ndiyo maana viwanda vinapenda sana kioo hiki: kinamrudisha dukani mteja aliyekwisha kununua.

NYONGEZA

Nyongeza nyingine hupewa thamani na sheria. Kuanzia mwaka 1994 hadi 2004, sheria ya Marekani ilizuia kutengenezwa kwa magazini mpya za raia zinazobeba zaidi ya risasi 10. Za zamani ziliruhusiwa, nazo zikawa bidhaa adimu. Walioziwahi waliziuza kwa bei ya juu. Sheria ilipofikia kikomo Septemba 2004, viwanda vikaanza tena kuzimimina sokoni, na aliyekuwa bado amelimbikiza akiba ya kuuza akabaki nayo.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Smith & Wesson. Kampuni ya Tomkins ya Uingereza iliinunua mwaka 1987 kwa dola milioni 112.5. Machi 2000, ikikabiliwa na mashauri mahakamani, Smith & Wesson ilikubaliana na serikali ya Rais Clinton kuweka vifungio vya usalama katika bastola zake na kuwabana mawakala wake juu ya namna ya kuuza. Wanunuzi wake wa jadi waliona wamesalitiwa, wakaisusia. Mei 2001 Tomkins iliiuza kwa dola milioni 15, pamoja na madeni yake, kwa Saf-T-Hammer, kampuni ndogo ya Marekani iliyokuwa ikitengeneza vifungio vya bunduki.

Kifungio chenyewe ni kipande kidogo cha chuma, na mzazi mwenye watoto nyumbani anaweza kukiona cha maana kuliko nakshi yoyote. Lakini soko halikukipima hivyo. Wateja waliangalia ni nani aliyekitaka, na kwa miaka mingi baadaye rivolva za kabla ya kifungio ziliendelea kutafutwa na wanunuzi hao hao.

JESHI LILIVYOCHAGUA

Januari 2017 jeshi la nchi kavu la Marekani liliiacha Beretta iliyotumika tangu mwaka 1985 na kuichagua P320 ya SIG Sauer, kwa mkataba unaoweza kufikia dola milioni 580. Bastola hiyo ilikuwa na nyongeza zote zinazotajwa hapa: ngozi ya rangi ya mchanga, vilengeo vya kung'aa gizani, nafasi ya kioo cha nukta nyekundu, na mpini unaobadilishwa kulingana na mkono.

Glock ilikata rufaa ikashindwa. Uamuzi uliotolewa Juni 2017 ulionyesha kwamba bei ya SIG Sauer ilikadiriwa kuwa takriban dola milioni 169.5, na ya Glock dola milioni 272.2. Nyongeza zilizotakiwa walikuwa nazo wote wawili. Tofauti ya dola milioni 100 na zaidi ndiyo iliyokuwa na uzito.

Lakini miezi miwili baadaye, Agosti 2017, SIG Sauer ilitangaza kurekebisha bila malipo bastola za P320 zilizoko mikononi mwa raia, baada ya majaribio kuonyesha kwamba zinaweza kufyatuka zikianguka kwa pembe fulani. Kasoro hiyo haikuwa ya ngozi, vilengeo wala rangi. Ilikuwa ndani, mahali ambapo mteja wa kaunta hatazami. Mnunuzi aulize kwanza kama bastola inayouzwa ilikwisha kufanyiwa marekebisho ya kiwanda, kisha ndipo aulize rangi.

KWA MWENYE HISA

Hisa za Smith & Wesson huuzwa Nasdaq, na za Sturm Ruger katika soko la New York. Colt iko chini ya kundi la Česká zbrojovka, lililoinunua mwaka 2021 kwa dola milioni 220 taslimu na sehemu ya hisa, na ambalo leo linaitwa Colt CZ. Hisa zake ziko Prague.

Mwekezaji asidanganyike na mwaka mmoja mzuri. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Aprili 2021, kipindi cha ugonjwa wa korona na cha uchaguzi wa Marekani, mauzo ya Smith & Wesson yalizidi dola bilioni 1. Mwaka uliofuata yalishuka hadi dola milioni 864, na uliofuata tena hadi dola milioni 479. Gawio la Ruger nalo hufuata faida: biashara ikinona hunona, ikikonda hukonda. Bastola haichakai upesi, na aliyenunua kwa hofu mwaka huu hana haja ya kununua nyingine mwaka ujao. Ndipo viwanda vinapogeukia ngozi mpya, vilengeo vipya na vioo, ili kumpa mteja yule yule sababu ya kurudi.

Anayekwenda dukani na leseni yake mkononi achukue karatasi. Aandike bei ya bastola tupu, halafu chini yake kila nyongeza na bei yake, na pembeni kazi ambayo nyongeza hiyo itamfanyia nyumbani au dukani kwake. Mstari utakaobaki mtupu pembeni aukate, kisha ndipo aanze kupatana bei.