Sinagogi asubuhi, nyumba ya sanaa mchana: Matembezi ya kumfunza mtoto kuheshimu wengine

WATOTO wengi wanalijua neno sinagogi kutoka kwenye Biblia tu. Wakazi wa Nairobi hupita na matatu kila siku karibu na sinagogi la jiji, penye makutano ya University Way na Uhuru Highway, bila kujua ni nani husali humo.

Familia nne au tano zikiungana, zinaweza kutenga siku moja ya likizo kulizuru asubuhi, kisha kutembea hadi Nairobi Gallery, nyumba ya sanaa iliyo kando ya Nyayo House. Mwendo ni mfupi lakini magari ni mengi, hivyo kila mtu mzima ashike watoto wawili mkono.

Ziara ya sinagogi hupangwa mapema na wasimamizi. Epukeni Jumamosi, maana ni Sabato. Beba kitambulisho, vaeni mavazi ya heshima, na wavulana wafunike kichwa.

Mtoto huenda akauliza mbona mahali pa sala panalindwa. Mjibu ukweli: Wayahudi wameshambuliwa wakisali katika nchi mbalimbali, na hapa Kenya makanisa pia yameshambuliwa. Mkubwa aliyesikia habari za Gaza aelezwe kwamba anayekuja kusali si serikali ya nchi yoyote. Ni heri ayasikie haya kwako kuliko kwenye mitandao.

Mweleze pia kwamba Torati ya sinagogi huandikwa kwa mkono, kwa Kiebrania, juu ya gombo la ngozi. Husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mtoto wa madrasa hatashangaa. Wayahudi husali wakielekea Yerusalemu, na kutoka Nairobi hiyo ni kaskazini. Waislamu wa jiji, wakielekea Makka, nao hutazama kaskazini, wakipinda kidogo mashariki. Watoto wahakikishe kwa dira ya simu.

Sinagogi la kwanza lilifunguliwa mwaka wa 1913, na jengo la sasa ni la 1955. Katikati ya miaka hiyo, Wayahudi waliomkimbia Hitler walipata hifadhi Kenya. Mmoja wao ni mwandishi Stefanie Zweig, aliyeletwa kutoka Ujerumani mwaka wa 1938 akiwa mtoto mdogo. Waulize wanao: mngeambiwa mhame usiku wa leo, mngebeba nini?

Wa sekondari waambiwe na hili: mwaka wa 1903 Uingereza iliwapa viongozi wa Wayahudi wazo la kuhamia Uasin Gishu. Wenyeji wa nchi ile hawakuulizwa. Mkutano wa Wayahudi wenyewe ulilikataa wazo hilo mwaka wa 1905.

Baada ya chakula, ingieni Nairobi Gallery. Nyumba hii nayo ni ya 1913. Ilikuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, na watu walifika hapo kusajili vizazi, ndoa na vifo. Leo imehifadhi mikusanyo ya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliyeshika wadhifa huo mwaka wa 1966.

Baba yake Murumbi alikuwa Mgoa, mama yake Mmaasai. Alipelekwa India kusoma akiwa mdogo, akarudi kijana na kuutafuta upya ukoo wa mama yake. Maisha yake yote alikusanya vitabu, vinyago, nguo na mapambo ya Afrika, na mwaka wa 1972 alianzisha African Heritage pamoja na Alan Donovan. Alitaka nyumba yake ya Muthaiga iwe kituo cha utafiti, lakini ikaja kubomolewa. Vilivyomo humu ni sehemu ya vile vilivyookolewa.

Usiwakimbize watoto ukutani. Kila mmoja achague kitu kimoja, akichore, kisha aseme kilitengenezwa na nani na kwa kazi gani.

Jioni, kabla ya kulala, muulize mtoto ni nini alichokiona kwa wenzake kinachofanana na cha nyumbani. Siku atakaposikia darasani dini au kabila la mtu likikejeliwa, atakuwa na jambo la kusema, kwa kuwa aliingia kwao, akavua haraka zake na kutazama.