BIMA KWA WAKANDARASI WA KUKATA NA KUPOGOA MITI, MATIRI

Wakandarasi wa kukata na kupogoa miti Matiri, Wilaya ya Mbinga, wanakumbushwa kwamba Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa Sheria ya mwaka 2008, humfidia mfanyakazi aliyeumia kazini. Haulipi bati la jirani lililopondwa na tawi, wala mibuni yake. Hasara hiyo hudaiwa mkandarasi, naye hubaki nayo peke yake iwapo hana bima ya madhara kwa watu wengine. Unafuu wa ada usimpumbaze mtu: hati isomwe yote, hasa vifungu vinavyoondoa kazi za juu ya mti au karibu na nyaya za umeme. Kampuni ya bima iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA). Ofisi zinazotoa kazi hizo ziione hati kabla mti haujaguswa.