Kibete Cheupe Hupoa kwa Muda Gani?

Mwaka 1987 Donald Winget na wenzake walikadiria umri wa diski ya galaksi yetu, Njia Nyeupe: miaka bilioni 9.3, pengine bilioni 2 zaidi au pungufu. Hawakuupata kutoka kwenye nyota zing'aazo. Waliangalia vibete vyeupe hafifu kuliko vyote, wakaona kwamba chini ya kiwango fulani cha mwanga havionekani tena. Galaksi haijaishi muda wa kutosha kwa kimoja chao kupoa kupita hapo. Hoja hii ni nzuri ajabu, ila yote inategemea kama tunajua kasi ya kupoa.

Kibete cheupe ni kiini kinachobaki nyota ya aina ya Jua inapomaliza fueli na kupoteza matabaka yake ya nje. Shira B, mwenzi wa ile Shira tunayoiona ikimetameta usiku, ina maada karibu sawa na ya Jua zima, imeshindiliwa katika tufe lenye ukubwa wa Dunia. Muungano wa nyuklia umekoma. Mwanga wake unatoka kwenye akiba ya joto isiyoongezwa.

Leon Mestel wa Uingereza ndiye aliyeonyesha, mwaka 1952, namna ya kuipigia hesabu akiba hiyo. Joto limo katika viini vya atomi za kaboni na oksijeni. Elektroni zilizobanwa hulisambaza kwa wepesi, hata ndani kote jotoridi linakaribia kuwa moja. Kinachozuia nyota isipoe upesi ni ngozi nyembamba ya gesi iliyo juu, inayopitisha joto kwa shida, kama jivu linavyotunza kaa la moto hadi asubuhi. Kwa maoni yangu ngozi hii ndiyo kiini cha suala zima: kosa dogo katika unene au kemia yake huhamisha umri kwa mamia ya mamilioni ya miaka.

Kwa kanuni ya Mestel, kibete cha kaboni chenye maada 0.6 ya Jua hufikia mwanga wa sehemu moja ya elfu ya ule wa Jua baada ya miaka milioni 900 hivi. Kufikia sehemu moja ya elfu kumi, jumla ni kama bilioni 4.5. Kadiri kinavyofifia ndivyo kinavyozidi kuibania akiba yake.

Kanuni hiyo haikuhesabu kuganda. Mwaka 1968 Hugh Van Horn alitabiri kwamba maada ya ndani hatimaye hugeuka fuwele, na tendo hilo hutoa joto. Tunajua pia kwamba wakati huo oksijeni huzama na kaboni hupanda, nishati nyingine ikaachiliwa. Vyote hivyo huchelewesha kupoa kwa takriban miaka bilioni moja. Nyota zinazokawia mahali lazima zisongamane hapo, na ndivyo ilivyoonekana: mwaka 2019 Pier-Emmanuel Tremblay na wenzake walichambua vipimo vya chombo cha Gaia vya vibete 15,000 hivi, vilivyo ndani ya miakanuru 300, wakaukuta msongamano huo.

Kupoa kwenyewe kumepimwa pia. Nyota G117-B15A hupwita kila sekunde 215, nayo inapopoa kipindi hicho hurefuka. Imefuatiliwa tangu miaka ya 1970, na kwa mwendo wake wa sasa itahitaji miaka milioni 6 hivi kuongeza sekunde moja tu.

Hata hivyo, vipo vibete vizito vilivyokataa hesabu zote. Sihao Cheng na wenzake walionyesha mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 6 ya vibete vizito sana hukawia kupoa kwa miaka bilioni 8. Mwaka 2024 Antoine Bédard na wenzake walieleza sababu: fuwele zinazoundwa ni nyepesi kuliko kimiminika kinachozizunguka, kwa hiyo huelea juu, neoni nzito ikazama, na nishati ya kuzama huko hulipia karibu mwanga wote. Kibete cha namna hiyo kinaweza kuonekana kijana kwa joto lake ilhali kimeishi karibu muda wote wa diski.