Kabla ya kuwa timu, Msimbazi ulikuwa mto

Siku ya dabi ya Kariakoo jiji zima la Dar es Salaam hulitaja bonde moja kwa majina mawili. Simba ni Wekundu wa Msimbazi, Yanga ni watoto wa Jangwani. Muulize shabiki mwenye jezi nyekundu Msimbazi uko wapi, atakuonyesha mtaa wenye ghorofa na maduka. Mto wenyewe, unaoshuka kutoka vilima vya Pugu hadi baharini karibu na Daraja la Salenda, hauiti mto. Anauita bondeni.

Neno hilo limebeba lawama. Mawingu yakitanda tu, tangazo ni lilelile: wakazi wa mabondeni wahame. Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40 jijini, waathirika walipewa viwanja Mabwepande. Wapo waliorudi, maana kutoka Mabwepande huwezi kwenda kubeba mizigo Kariakoo kwa miguu. Desemba 2015 likaja tingatinga kubomoa nyumba. Kwa wengi wa Mkwajuni na Hananasif, habari ya kuuhifadhi mto ilifika kwa namna ya alama ya X nyekundu ukutani.

Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe wazi. Lakini ukingo upi? Msimbazi unahama. Kila masika unamega udongo, na aliyejenga mbali na maji huamka siku moja mto uko nyuma ya choo chake. Ndiyo maana taka mnazoziona pale kingoni nyingine hazikutupwa kwa uzembe. Zimeshindiliwa makusudi, pamoja na viroba vya mchanga na matairi, kuzuia nyumba isiliwe. Anayetoka kwa matajiri wa Masaki kuja kuwahubiria usafi angeanza kwa kuuliza hilo.

Sisemi watu wa bondeni ni malaika. Mvua kubwa ikianza kunyesha usiku, kuna wanaotapisha vyoo, uchafu wa mwaka mzima ukaondoka na maji kwenda kwa jirani wa chini. Kila mtu anajua, hakuna anayesema, kwa kuwa gari la kunyonya majitaka haliwezi kupenya kwenye vichochoro vile, na hata likipenya lina bei yake. Mwenye mkokoteni anayelipwa na watu wa juu, wenye mageti, naye humalizia safari yake mtoni. Ongeza maji ya viwandani, ya machinjioni na ya mabwawa ya majitaka Vingunguti. Lawama huishia bondeni, ila uchafu mwingi huteremkia huko.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde hili: daraja refu Jangwani ili safari za mabasi ya mwendokasi zisikatike kila masika, mto kuchimbwa upya, na bustani ya jiji pale palipokuwa na nyumba. Mazungumzo ya vijiweni hayakuwa juu ya bustani. Yalikuwa juu ya fidia: nani kaandikwa, nani karukwa, mpangaji anapata nini. Wasomi wengine huona hiyo ni tamaa. Mimi naona ni hesabu ya mtu ambaye kila alipoambiwa mto utaboreshwa, yeye ndiye aliyefungasha virago. Mwenye kiwanda hakuwahi kuandikiwa X.

Wakulima wa mchicha nao hawazungumziwi sana. Wamelima kingoni miaka mingi, wakimwagilia maji hayohayo meusi, na jiji linajua. Linaponda mchicha wa bondeni mdomoni na kuununua kila jioni. Juzi gengeni, Magomeni, mama mmoja alimuuliza muuza mboga kama mchicha wake ni wa bondeni. Akaapiwa kwamba umetoka Kibaha. Mama akacheka, akachukua mafungu mawili.