Hibachi, Nyama Choma na Kalamu Nyekundu

Mtaa wa Baba Dogo, ulioko mashariki mwa jiji la Nairobi katika eneo la Ruaraka, una jina ambalo mwalimu yeyote wa sarufi angelipigia mstari. Kivumishi "-dogo" kinapoandamana na nomino ya kiumbe mwenye uhai hupokea kiambishi "m-", na kwa hiyo tungetarajia "Baba Mdogo". Hata hivyo makondakta wa matatu hunadi Baba Dogo, barabara inaitwa Baba Dogo, na sijapata kumsikia mtu akidai jina hilo lisahihishwe. Nimelitaja kwa sababu katika mtaa huo huo nilionyeshwa insha ya mvulana wa shule, mtoto wa dada yangu, ambayo imenishughulisha kwa muda wa majuma mawili sasa.

Insha yenyewe ilihusu kazi ya kaka yake. Kaka huyo ni mpishi katika meli ya kitalii, mahali panapoitwa mkahawa wa hibachi. Mvulana ameeleza kwamba wageni hulipa ada ya ziada juu ya nauli yao ili waketi kuizunguka meza yenye bamba pana la chuma katikati, na mpishi huwapikia mbele ya macho yao. Mpishi huyo hulirusha yai juu na kulidaka kwa mwiko. Huvipanga vipande vya kitunguu mithili ya mlima wa volkeno hata vikafuka mvuke. Huwatupia wageni vipande vya chakula nao huvidaka kwa midomo, watu wazima kwa watoto. Kisha mvulana anasema kuwa kaka yake alianzia ufundi huo kwa kuuza nyama choma kando ya barabara ya Baba Dogo.

Hapo ndipo kalamu nyekundu ya mwalimu iliposhuka. Maneno "nyama choma" yamekatwa, na juu yake pameandikwa "nyama iliyochomwa". Alama imeondolewa. Neno hibachi, lililotumika mara sita katika insha hiyo, halikuguswa.

Msomaji huenda akauliza: neno la Kijapani lina kosa gani? Na tulitazame. "Hi" ni moto, "hachi" ni bakuli. Maneno hayo yanapoungana, sauti "h" ya neno la pili hugeuka kuwa "b", na ndipo tukapata "hibachi". Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kustaajabia mageuzi hayo, kwani yeye mwenyewe husema "ulimi" lakini "ndimi", husema "mti mrefu" lakini "nyumba ndefu". Sauti za lugha zote hubadilika zinapokaribiana.

Hibachi, basi, ni bakuli la moto. Kule Japani ni chombo cha udongo, cha mbao au cha madini, kinachotiwa majivu na makaa ndani yake ili watu waote moto wakati wa baridi. Chombo hiki kimejulikana huko kwa karne nyingi. Mtu aliweza kuteleka birika juu yake, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuleta joto chumbani. Jiko dogo la makaa la kupikia ni chombo kingine, nalo Wajapani huliita "shichirin". Nikitakiwa kukitafutia chombo hiki jamaa katika Kiswahili, nitakiweka kati ya seredani na chetezo.

Upishi wa kwenye bamba la chuma una jina lake pia. Huitwa "teppanyaki": "teppan" ni bamba la chuma, na "yaki" ni shina la kitenzi chenye maana ya kuchoma, kuoka au kukaanga. Wala si upishi wa kale. Mkahawa uitwao Misono, ulioanzishwa katika mji wa Kobe mwaka 1945, ndio unaotajwa kuwa wa kwanza kuupika hivyo, na wageni kutoka ng'ambo waliufurahia kuliko Wajapani wenyewe. Mwaka 1964 Hiroaki Aoki, aliyekuwa mwanamieleka na ambaye Wamarekani walimwita Rocky, alifungua mkahawa wa Benihana mjini New York. Ni huko Marekani ambako mbwembwe za mwiko na kisu zilistawi, na ni huko ambako jina la bakuli la moto lilibandikwa kwenye bamba la chuma. Hata leo kampuni za meli za kitalii hazikubaliani. Royal Caribbean huita hibachi kile ambacho Norwegian Cruise Line huita teppanyaki.

Mpwa wangu mkubwa aliponisimulia habari za meli yake, nilimwuliza kuhusu makaa. Akacheka. "Mjomba, baharini makaa hayaruhusiwi. Bamba lile ni la umeme." Yaani wageni wale hulipia bakuli la moto ambalo halina bakuli, halina kaa hata moja, na moto wake hauonekani. Mabaharia wetu wa majahazi, waliokuwa wakipika kwa kuni ndani ya sanduku la mbao lililotiwa mchanga, walikuwa karibu zaidi na hibachi halisi.

Sisemi kwamba Wamarekani wamekosa. Maneno husafiri, na yakifika ugenini huvaa nguo za wenyeji. Sisi tuliitwaa "hoteli", ambayo kwa wenyewe ni nyumba ya kulala wageni, tukaifanya kibanda cha chai na mandazi. Ninachokisema ni kwamba neno lililopotoka kiasi hicho limepita mbele ya mwalimu likapigiwa saluti, ilhali neno la mtaani kwake, ambalo kila mtoto darasani analielewa, limekamatwa na kutozwa faini.

Sasa tuje kwenye shtaka lenyewe. Hoja ya wanaoikataa "nyama choma" ni kwamba kitenzi kitupu hakiwezi kuivumisha nomino. Kwa kanuni zilizozoeleka tungesema "nyama ya kuchoma" au "nyama iliyochomwa". Tena hata tukitaka nomino ambatani, Kiswahili hupenda kutanguliza kitenzi kisha nomino, kama katika "chemsha bongo" na "changamoto". Hoja hii ina uzito, nami nimeifundisha kwa miaka mingi.

Lakini nenda katika bucha yoyote ya Baba Dogo iliyo na jiko la kuchomea nyuma yake. Ukiagiza kilo moja ya mbuzi, mwenye bucha atakuuliza, "Ya kuchoma au ya kupika?" Nyama anayoizungumzia bado inaning'inia, mbichi, inangoja kisu na mizani. Hiyo ndiyo nyama ya kuchoma. Baada ya muda, nawe umekwisha kunywa soda yako na kuzungumza siasa hata ukachoka, yuaja mchomaji na ubao wake, anaikata nyama vipande mbele yako, anamwaga chumvi pembeni, na kachumbari inafuata. Hiyo ndiyo nyama choma. Wasemaji wameyatenganisha mambo mawili ambayo kanuni ya vitabuni imeyachanganya. Na hiyo "iliyochomwa" ya mwalimu ina matatizo yake: kitenzi "choma" hubeba pia maana ya kudunga, kama mwiba unavyochoma na sindano inavyochoma, na pia maana ya kuunguza. Mteja akiletewa nyama iliyoungua, atalalamika kuwa imechomwa mno. "Nyama choma" haina utata huo. Ni jina la chakula.

Wala muundo huo haukusimama peke yake. Tuna kuku choma, mbuzi choma, mahindi choma, na asubuhi kwenye vituo vya matatu tuna mayai pasua. Kosa la mtu mmoja haliwi na watoto. Muundo unapozaa maneno mapya, na wasemaji wakayafahamu pasipo kufunzwa, mwanaisimu hana budi kuuita kanuni, hata kama kanuni hiyo ni changa na makao yake ni uwanja mdogo wa mapishi.

Kuna jambo lililonifurahisha zaidi. "Teppanyaki" imejengwa kwa nomino kwanza kisha shina tupu la kitenzi. Kijapani hukiweka kitenzi mwisho wa sentensi, kwa hiyo mpangilio huo una asili yake huko, nao wetu umetoka kwingine. Lakini kwa sura, teppanyaki na nyama choma ni ndugu. Mwalimu amemkaribisha mgeni sebuleni na kumfukuza nduguye aliyezaliwa humo humo nyumbani.

Wenye biashara hawakulisubiri darasa. Mkahawa wa Carnivore, uliofunguliwa Nairobi mwaka 1980, huchoma nyama kwenye panga za Kimaasai juu ya shimo kubwa la makaa, na wahudumu huzunguka mezani wakiwakatia wageni sahanini mpaka mgeni aishushe bendera ndogo nyeupe kuonyesha kuwa ameshindwa. Mtalii huja kuutazama moto na kisu kama anavyotazama bamba la melini. Akirudi kwao huondoka na maneno mawili ya Kiswahili kinywani, nayo si "nyama iliyochomwa".

Najua walimu watasema kwamba mtihani ni mtihani, na kwamba mtahini haulizi bucha inasemaje. Ni kweli. Mwalimu ana wajibu wa kumfundisha mtoto Kiswahili sanifu, na mtoto anayeandika "kitabu choma" au "gari pasua" asahihishwe mara moja. Hata hivyo, usanifu huu ni kazi ya watu waliokaa na kuchagua, tangu Kamati ya Lugha ilipoanzishwa mwaka 1930 ikaichukua lahaja ya Unguja kuwa msingi. Kilichochaguliwa chaweza kuongezwa. Katika ukingo wa insha ile mimi ningaliandika hivi: "Hibachi ni nini? Eleza," kisha nikaiacha nyama choma ipite na alama yake.

Nilimwuliza mvulana kama amemwendea mwalimu kuzungumza naye. Akasema haogopi, ila hajui aanzie wapi. Kaka yake, aliyekuwa akipakia vitu vyake ili arejee kazini, akadakia kwamba angeandikiwa yeye insha hiyo, bamba lile angeliita "chuma choma". Mdogo wake akapinga: kinachochomwa si chuma. Wakabishana juu ya nomino ipi yafaa kutangulia, kitu kinachochomwa au kitu cha kuchomea, nami nikakaa kimya nikiwasikiliza, kwa kuwa swali hilo katika Kiswahili bado sijaliona likijibiwa. Walimu wenye rai wataniandikia.