Wanaohifadhi Maiti kwa Baridi: Tuwapime kwa Kipimo Gani?



Ndugu msomaji, huko Marekani na Ulaya wapo watu wanaoweka mkataba kwamba wakishafariki wasizikwe wala wasichomwe, bali miili yao igandishwe na kutunzwa, kwa tumaini kwamba sayansi ya kesho itawarudishia uhai. Kazi hiyo huitwa krayoniki. Wazo lake lilienezwa na mwalimu wa fizikia Robert Ettinger kwa kitabu kilichochapishwa mwaka 1964. Mtu wa kwanza kuhifadhiwa hivyo alikuwa James Bedford, Januari 1967. Hadi leo hakuna hata mmoja aliyerudishiwa uhai.

Mashirika yanayotoa huduma hiyo ni machache, na hushindana. Maarufu zaidi ni mawili ya Marekani: Alcor, lililoanzishwa mwaka 1972 na sasa liko Scottsdale, Arizona, na Cryonics Institute la Michigan, lililoanzishwa na Ettinger mwenyewe mwaka 1976. Ulaya ipo Tomorrow Bio ya Berlin, ambayo miili yake hutunzwa Uswisi. Mtu akitaka kuchagua kati ya haya, anapima nini? Tutataja mambo manne, na msomaji ataona kwamba kila moja linaficha swali la falsafa.

La kwanza ni bei. Kwa miaka mingi Alcor ilitangaza kiwango cha chini cha dola 200,000 hivi kwa mwili mzima. Cryonics Institute ilitangaza dola 28,000. Wateja wengi hulipa kwa bima ya maisha: shirika huandikwa kuwa mrithi wa fedha za bima. Tofauti ni kubwa, lakini bei hizo hazinunui kitu kimoja.

Hapo tunafika jambo la pili: nani atakuja saa ya kufa? Sheria hairuhusu kuanza kabla daktari hajathibitisha kifo. Kuanzia hapo kila dakika ni muhimu, kwa maana ubongo huharibika upesi. Mwili hupozwa kwa barafu, damu huondolewa na mahali pake huwekwa dawa inayozuia chembe za barafu zisipasue seli, kisha mwili hushushwa hadi nyuzi -196 za Selsiasi ndani ya naitrojeni ya kimiminika. Katika bei ya Alcor imo timu inayomngoja mgonjwa karibu na kitanda chake. Katika bei ya chini ya Cryonics Institute haimo. Mteja hutafuta timu nyingine kwa gharama yake, au hutegemea watu wa mazishi wa mahali anapoishi. Kwa hiyo anayefia mbali, au ghafla barabarani, anaweza kuwa amelipia kitu kizuri asichokipata.

La tatu: mwili mzima au kichwa tu? Alcor humpa mteja nafasi ya kuhifadhi kichwa peke yake, kwa bei ambayo kwa miaka mingi ilitangazwa kuwa dola 80,000 hivi, ikiamini kwamba kumbukumbu na nafsi ya mtu vimo ubongoni. Cryonics Institute kwa kawaida hupokea mwili mzima. Hapa mteja, ajue asijue, anachagua falsafa. Anayechagua kichwa yuko karibu na wale wanaosema mtu ni akili inayotumia mwili kama chombo tu. Sisi tuliosoma Aristoteli na Mtakatifu Tomaso wa Akwino tunafundishwa kwamba roho ni umbo la mwili. Mtu si roho peke yake wala ubongo peke yake, bali ni roho na mwili kwa umoja.

La nne, nalo ndilo zito: nani atatunza ahadi? Matangi yale hayategemei umeme, lakini naitrojeni huvukizwa polepole na lazima iongezwe daima. Mteja hawezi kusimamia mkataba wake mwenyewe. Huko Chatsworth, California, miaka ya 1970, miili tisa iliyowekwa katika chumba cha chini ya makaburi iliyeyuka na kuoza baada ya fedha za familia kukatika. Bedford alisalimika kwa sababu jamaa zake waliendelea kumtunza kwa miaka mingi. Tangu hapo mwenye busara huuliza kwanza kuhusu mfuko: je, fedha za kutunza miili zimetengwa na fedha za uendeshaji? Nani anazikagua? Alcor iliweka mfuko wa namna hiyo mwaka 1997.

Familia nayo isisahauliwe. Mwaka 2002 mchezaji maarufu wa besiboli Ted Williams alipofariki, watoto wake waligombana hadi mahakamani, mmoja akisisitiza kwamba baba alitaka kuchomwa. Anayeficha uamuzi wake huwaachia watoto ugomvi pamoja na msiba.

Tukijumlisha, tunaona kwamba mashirika haya yanaweza kulinganishwa kwa bei, kwa wepesi, kwa njia na kwa uaminifu. Kwa matokeo hayawezi, kwa sababu hakuna lililowahi kutoa matokeo. Mnunuzi ananunua uaminifu wa watu ambao bado hawajazaliwa.

Tusiwacheke. Hofu ya kifo ni ya kila mtu, na tamaa ya kuishi ameiweka Mungu mwenyewe. Lakini hata krayoniki ikifanikiwa kesho, itampa mtu kile alichopewa Lazaro: miaka mingine, kisha kaburi tena. Ufufuko tunaoungoja si kurudi nyuma. Tena hauna wenye dola 200,000 na wasio nazo; maskini aliyezikwa kwa mkeka anauingojea sawa na tajiri. Ndiyo maana, tunapokutana na mtu anayeuliza maswali haya karibu na kitanda cha mgonjwa, tumsikilize kwanza, kisha tumweleze tumaini letu bila haraka.