Fidia ya Uzee: Jinsi Rada Inavyosahihisha Mawimbi Yake Vijenzi Vinapozeeka

Rada huelezwa kwa kawaida kuwa chombo kinachotuma mawimbi ya redio, kikangoja mwangwi, na kutokana na mwangwi huo kikajua kitu kiko wapi. Maelezo haya ni sahihi, ila yanachukulia kwamba wimbi lililotumwa ndilo lililokusudiwa. Mwaka 1904, Mjerumani Christian Hülsmeyer alipoonyesha mjini Cologne chombo chake cha kugundua meli, dhana hiyo haikuwa na madhara makubwa, kwa sababu chombo kilijulisha tu kuwa meli ipo. Hali ni tofauti kwa rada ndogo ambazo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, zimekuwa zikifichwa nyuma ya bampa za magari. Hizi hupima umbali wa gari lililo mbele, na kwa kipimo hicho breki hukazwa au huachwa. Gari hutarajiwa kudumu barabarani kwa miaka 10 na zaidi. Katika muda huo vijenzi vya rada, yaani sehemu ndogo za kielektroniki zinazoiunda, huzeeka, navyo vinapozeeka wimbi hubadilika. Makala haya yanaeleza jinsi badiliko hilo linavyofidiwa.

Kwanza, neno masafa liondolewe utata. Katika mazungumzo ya kawaida masafa ni umbali, kama katika safari ya masafa marefu. Katika taaluma ya redio ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde, nayo hupimwa kwa hezi. Utata huu si wa kulaumiwa sana, kwani kazi yote ya rada ya gari ni kugeuza masafa ya maana ya pili kuwa masafa ya maana ya kwanza! Katika makala haya masafa ni mitetemo; kwa ile maana nyingine litatumika neno umbali.

Rada nyingi za magari hutumia masafa yanayokaribia gigahezi 77. Hazipigi kelele na kunyamaza. Huimba mfululizo, zikipandisha sauti kwa mwendo sawa kutoka chini hadi juu, kisha zikaanza tena. Mwangwi unaporudi huikuta sauti ya rada imekwisha kupanda, na tofauti iliyopo kati ya sauti hizo mbili ndiyo hutoa umbali. Chukulia rada inayopandisha masafa yake kwa megahezi 150 katika milisekunde 1, ikiwa imeelekezwa kwenye ukuta. Kwa kuwa wimbi husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, ukuta ulio mita 100 mbele utaleta tofauti ya kilohezi 100. Kila mita moja, basi, ni kilohezi moja.

Hapa ndipo tatizo lilipo. Ikiwa mwinuko wa sauti umepungua kwa asilimia 3, ukuta ule ule utaleta kilohezi 97, na tarakilishi ya rada, isiyojua kuwa mwimbaji amechoka, itaandika mita 97. Mwinuko ukizidi kwa kiasi hicho, itaandika mita 103. Kosa hili la pili ni la hatari zaidi, kwa kuwa humwonyesha dereva nafasi ambayo hana. Aidha, mwinuko ukiwa na mawimbimawimbi badala ya kunyooka, kitu kimoja hutoa tofauti nyingi zilizotawanyika, na pikipiki iliyo ubavuni mwa lori humezwa na mwangwi wa lori.

Je, kinachozeeka ni nini hasa? Kijenzi kinachotoa wimbi ni osileta inayotii volteji: volteji ikipanda, masafa hupanda. Ndani yake mna transista ambazo hupitisha mkondo wakati wote rada inapofanya kazi, katika joto linaloweza kufikia nyuzi 125 na baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Elektroni zenye nguvu nyingi huacha kasoro ndogo ndani ya transista. Mkondo husukuma polepole hata atomi za nyaya nyembamba za metali. Neno kuchakaa halitoshi hapa. Kilichochakaa huonekana kwamba kimechakaa, ilhali osileta iliyozeeka inaimba vizuri kabisa, isipokuwa kwa volteji ile ile haitoi tena masafa yale yale.

Suluhisho la awali lilikuwa kuipima kila rada kiwandani na kuhifadhi jedwali ndani yake: kwa masafa haya, toa volteji hii. Jedwali hilo ni picha ya ujana. Huwa kweli siku linapoandikwa, na kila mwaka upitao hulitenga na osileta yenyewe.

Rada za meli zilizotumia magnetroni, ile aina ambayo Randall na Boot waliibuni Birmingham mwaka 1940, zilifuata njia nyingine. Magnetroni haiamrishwi kwa urahisi. Masafa yake huhama kwa joto na kwa umri. Kwa hiyo kipokezi ndicho kilichofundishwa kumfuata mtumaji popote ahamiapo. Njia hii hutosha pale ambapo umbali hupimwa kwa muda wa mwangwi. Kwa rada ya gari haitoshi, maana mwinuko wa masafa ndio rula yenyewe.

Njia iliyoshinda ni ya kumsikiliza mwimbaji anapoimba. Masafa ya osileta hugawanywa, kwa mfano kwa 1,925, mpaka gigahezi 77 ziwe megahezi 40, kisha hulinganishwa na mitetemo ya fuwele ya kwatzi, madini yale yale yatumiwayo katika saa za mkononi. Ikionekana tofauti, volteji huongezwa au hupunguzwa. Ili sauti ipande, kigawanyo hubadilishwa hatua kwa hatua. Mpiga udi hufanya kazi ya aina hii akazapo nyuzi zilizolegea, ila yeye huifanya kabla ya onyesho, nayo saketi huifanya mara mamilioni kwa sekunde, katikati ya wimbo.

Neno fidia lafaa hapa kuliko matengenezo au tiba. Katika Uislamu, mzee asiyeweza tena kufunga Ramadhani hulipa fidia kwa kumlisha maskini kwa kila siku aliyoikosa. Malipo hayo hayamrudishii ujana. Pengo hujazwa kutoka mahali pengine, na hujazwa kila siku. Vivyo hivyo, osileta hubaki kuukuu, na volteji ya ziada hulipwa kila inapoimba.

Msomaji makini atauliza: fuwele nayo haizeeki? Huzeeka. Chembe hutua juu yake au humtoka, na mikazo iliyoachwa wakati wa kuifunga hulegea, hasa katika mwaka wa kwanza. Lakini uzee wake ni wa sehemu chache katika milioni kwa mwaka. Hata upotofu ukilimbikizana hadi sehemu 50 katika milioni, umbali wa mita 100 utakosewa kwa milimita 5 tu. Deni la mita 3 limehamishwa kwa mdhamini mwenye deni la unene wa kalamu.

Hata hivyo mdhamini halipi bila kikomo. Osileta ikizeeka, mwitikio wake kwa volteji pia hubadilika, na saketi ya usahihishaji huweza kuwa nzito au kuyumba mwanzoni mwa kila mwinuko. Hivyo nguvu ya usahihishaji nayo hupimwa upya na kurekebishwa mara kwa mara. Zaidi ya hayo, volteji ina upeo. Kadiri miaka inavyopita, ile inayohitajika hukaribia upeo huo, na ikiufikia hakuna kilichobaki cha kulipia. Kwa sababu hiyo rada iliyoundwa vyema huitazama volteji yake yenyewe. Ikiona imefika ukingoni hujizima, ikawasha taa ya onyo mbele ya dereva, na kuanzia hapo breki ni za mguu wake.